Maziwa ya Barabarani

Amri ya kurudi ofisini ilinikuta kibarazani kwa mama yangu hapa Olumbi, kompyuta mapajani na mwanangu titini. Ilikuja kwa simu, katika kundi letu la kazi. Mkuu wa ofisi, ambaye sote tunamwita chefe, aliandika mistari michache kwa Kireno. Hali imetulia. Jengo letu la Mocímboa da Praia limepakwa rangi. Kuanzia Jumatatu kila mtumishi awe mezani kwake, kila siku ya kazi.

Niliisoma mara mbili nikitafuta neno "kwa sababu". Halikuwemo.

Kazi yenyewe ni ya visima. Ofisi yetu inafuatilia visima vya vijijini: kipi kinatoa maji, kipi kimekufa, pampu ipi imeibwa mpini. Vita vilipotutoa Mocímboa tulikimbilia Pemba, mji wa jimbo letu na si kile kisiwa, kila mtu na kompyuta yake katika chumba cha jamaa yake, na taarifa zikaendelea kutufuata kwa simu. Mimi nazipanga kwenye majedwali na kuzituma mbele. Nilipokaribia kujifungua nikarudi kwa mama, maana mume wangu ni mwalimu Pemba na chumba chake analala na wadogo zake. Kazi ikaja nami. Nilipanga majedwali yangu huku nimekalia mkeka, mtoto akilala nafanya haraka, akiamka napunguza mwendo. Hakuna kisima hata kimoja kilichojua kwamba nimehama.

Nikamwandikia chefe pembeni, kwa adabu. Nikamuuliza ni kazi gani hasa isiyoweza kufanyika nilipo. Alinijibu kwa neno moja tu: "Presença." Kuwepo.

Mama aliniuliza amesema nini. Nikamwambia anataka niwepo.

"Sasa hapa hupo?" mama akasema.

Mwanangu alikuwa na miezi minne.

*

Sheria inampa mama anayenyonyesha saa yake, na chefe hakuninyima. Alikubali nitoke mapema kuliko wenzangu. Lakini saa ya sheria inahesabiwa ofisini na njia haimo. Kutoka Olumbi hadi Mocímboa kuna barabara, na barabara ile siku hizi ina mapenzi yake: leo inapitika, kesho askari wameiwekea gogo katikati na hawasemi kwa nini. Jua likianza kulala hakuna anayepita. Ukiwa upande huu utalala upande huu.

Nilimpata mwenye pikipiki, Mmakonde wa Mueda, mkubwa kidogo kuliko mimi, mwenye msalaba mdogo wa mti shingoni na mdomo usiopumzika. Tulikubaliana anichukue alfajiri na anirudishe mchana, kila siku. Asubuhi ya kwanza alinitazama nilivyovaa: suruali ndani, kapulana, yaani kanga ya huku, juu, mtandio umenizunguka uso, viatu vya ofisini ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mana," akaniambia, kwa maana huku kila msichana ni mana, dada, "unakwenda kazini au unakwenda kuzikwa?"

"Nakwenda kuonekana. Basi."

"Watu wa pwani bwana. Vumbi kidogo mnajifunga kama samaki wa kuuza."

"Na nyie wa bara vumbi mnalila, mnasema ni chumvi."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Tangu siku ile nilikuwa nasafiri nikisikiliza sauti yake. Alikuwa na mazoea ya kuimba puani, nyimbo za kanisani. Palipokuwa na nyumba zilizoungua, magofu yaliyoota majani ndani, aliimba. Penye magari yenye kutu pembeni mwa njia aliimba pia. Lakini palikuwa na sehemu mbili tatu, vichaka vimekaribia njia, ambapo alinyamaza kabisa na kuinama mbele, na mimi mgongoni kwake maziwa yalinishuka yenyewe. Sijui kwa nini. Nilisoma chuoni kwamba hofu huzuia maziwa. Yangu hofu iliyafungulia. Nilifika Mocímboa blauzi imelowa mbele, nikajifunga kapulana mpaka ikauke.

Na ofisini? Rangi ilikuwa mpya kweli, kijani mbichi. Umeme ulikuja na kuondoka. Mtandao wa jengo haukuwepo, kwa hiyo nilitumia simu yangu ileile niliyokuwa nikiitumia kibarazani, kutuma majedwali yaleyale. Tulikaa watu sita tukitazamana. Saa nne chefe alipita kati ya meza, mikono nyuma, akitikisa kichwa kama mtu anayekagua shamba lake la korosho, kisha akaingia chumbani kwake, na yeye pia akaanza kupiga simu. Nilikuwa najiuliza: kama sote tunaongea na vijiji kwa simu, kwa nini tusafiri ili tukae mbali zaidi na vijiji?

Mwenzangu wa meza ya jirani, mwanamume wa Nampula, aliniambia, "Wewe uliza maswali tu. Siku moja watakujibu."

*

Kulikuwa na ghala la vipuri nyuma ya ofisi, na huko ndiko nilikokamulia. Niliziba mlango kwa kiti, nikaketi juu ya sanduku la pampu, nikakamua kwa mkono ndani ya chupa niliyoichemsha usiku. Chupa niliiingiza kwenye thermos yenye barafu niliyonunua kwa wauza samaki. Jioni nilimkabidhi mama, na kesho yake mama alimpa mtoto kwa kikombe na kijiko nikiwa kazini. Huo ndio ulikuwa mpango. Nilijivunia mpango ule.

Askari wa kizuizini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutilia shaka. Alikuwa kijana wa kusini, Kireno chake cha mjini. Alifungua thermos, akatoa chupa, akaiinua kwenye jua.

"Hii nini?"

"Maziwa."

"Maziwa gani? Huku hakuna ng'ombe."

Nikavuta kapulana kifuani. Mwenye pikipiki akanisaidia: "Kamanda, ng'ombe mwenyewe ndiye huyu umesimama naye."

Askari hakucheka. Akaninyooshea chupa. "Kunywa."

Nikanywa. Nusu ya chupa iliyonichukua adhuhuri nzima. Yalikuwa matamu, matamu kuliko nilivyodhani, na ya baridi. Askari akanitazama usoni kama anangoja nianguke, kisha akaona aibu; nilimwona. Akafunga kizibo mwenyewe, akakipangusa kwa mkono wa shati lake. "Pita, mamã," akasema. Tangu siku ile hakunifungua tena thermos, na mimi sikumwangalia tena machoni.

Nyumbani kulikuwa na kizuizi kingine. Mama yangu ana sheria yake, na si yake peke yake, ni ya wanawake wote wa huku: mwenye kunyonyesha akitoka safari haingii kwa mtoto moja kwa moja. Anakaa nje. Anaosha uso na miguu. Anasubiri jasho likauke, kisha anakamua maziwa ya kwanza chini, ardhini, kila upande, ndipo apewe mtoto. Maziwa ya safari ni ya moto. Yamepita jua, yamepita vitisho, yamekutana na visivyoonekana.

Mtoto analia ndani, namsikia, na mimi nimekalishwa kwenye kigoda kama mgeni.

"Mama, maziwa hayachemki mwilini kwa sababu ya jua. Yangechemka, na damu ingechemka."

"Damu hainyonywi. Kamua."

"Nimesoma mambo haya."

"Umesoma. Kamua."

Nilikamua. Nilijiambia nakamua ili kumridhisha, ili mjadala uishe nimpate mtoto. Na ni kweli pia kwamba kwenye kigoda kile, miguu imelowa maji, ndipo kwa mara ya kwanza tangu alfajiri mabega yangu yalipokuwa yanashuka kutoka masikioni. Hilo sikumwambia.

*

Siku moja ofisi ilifungwa mapema. Chefe alikuwa na mazishi, na bila yeye hapakuwa na wa kutuona. Nilifika Olumbi jua likiwa bado juu. Mama hakunitarajia. Alikuwa ameinama chini ya mpapai nyuma ya nyumba, chupa yangu mkononi, anamwaga. Anamwaga taratibu, akizungushia shina, kama mtu anayemwagilia mche.

Nilisimama. Thermos ya siku ile ilikuwa begani kwangu, imejaa.

"Mama."

Hakushtuka. Alimaliza kumwaga kwanza.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwanzo."

"Mtoto anakula nini basi?"

Akanyoosha mdomo kuelekea ua wa pili. Nikaenda. Ua wa pili anakaa mwanamke aliyehamia hapa kutoka Quiterajo, anayesema Kimwani na kuuza mihogo ya kukaanga asubuhi. Ana binti wa kunyonya, mkubwa kidogo kuliko mwanangu. Alikuwa ameketi mlangoni kwake, binti ameegemea goti, na titini kwake alikuwapo mwanangu, macho amefumba, mkono umemshika kidole.

Aliponiona alimtoa haraka, akajifunika, akanipa mtoto wangu. Mtoto alinusa shingo yangu, akalia, kwa kuwa alikatizwa.

Nilirudi kwa mama.

"Barabara ile," mama akaanza kabla sijafungua mdomo, "imelala watu ambao hatukuwazika. Wewe unapita juu yao kila siku. Wewe una mwili, una dua ninazokusomea. Chupa haina mwili. Maziwa yakishatengana na mwenyewe yanabeba kila kinachopanda. Mimi nimpe mjukuu wangu kitu hicho?"

"Kwa hiyo unampa kwa mtu mwingine! Mama, unajua maana yake. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua maana yake kuliko wewe."

Maana yake kila mtu wa pwani anaijua. Mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake mara tano za kushiba, yule mwanamke anakuwa mama yake. Watoto wake wanakuwa ndugu, hawaoani kamwe. Na mume wa yule mwanamke anakuwa baba.

"Mara ngapi?" nikamuuliza.

"Nne. Na ya leo umeikata, haihesabiki, hakushiba." Mama alikaa kwenye kigoda changu. "Siku nyingine namdanganya kwa uji mwepesi na maji ya dafu. Siku zilizomshinda kabisa, nikampeleka kwa jirani, ni nne. Sijavuka, mwanangu. Ya tano si yangu kuitoa. Hiyo ni yako."

Miezi minne na nusu, uji. Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu uji. Sikuweza kuchagua nianze na lipi, nikakaa chini mchangani, na mama akanisogezea kopo la maji ya kuosha miguu.

*

Sasa nieleze kilichonitia hofu, maana si wivu, au si wivu peke yake.

Mume wa yule jirani hayupo. Walikimbia pamoja, wakafika hapa pamoja, na mkewe alipokuwa na mimba kubwa mume aliondoka kwenda Quiterajo kuangalia minazi yao na kama nyumba imesimama. Hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili wake, hakuna aliyemwona hai. Na huku kwetu mtu akipotea hivyo watu hawasemi "amekufa". Wanashusha sauti. Wengine wanasema alikamatwa njiani. Wengine wanasema hakukamatwa, alikwenda mwenyewe kwa hao waliotuchomea nyumba. Askari walishafika kwa mkewe kumuuliza. Aliwajibu lile lile analomjibu kila mtu: alikwenda kuangalia minazi.

Jirani alishaniuliza zamani, kabla ya haya yote, tukiwa kibarazani: "Dada, huko kazini kwenu mnapata habari za Quiterajo?"

"Visima tu," nikamjibu.

"Hata visima. Vinasema nini?"

Kwenye jedwali langu, mbele ya Quiterajo, nilikuwa nimeandika maneno mawili kila mwezi bila kuyafikiria: hakuna taarifa. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimempa kitu.

Kwa hiyo mara moja tu zaidi, na mwanangu angekuwa na baba ambaye hakuna anayejua kama ni marehemu au muuaji au mtu aliyelala shimoni. Mimi nisiyeamini maziwa ya moto, nisiyeamini kwamba wafu hupanda chupa, nililala macho darini nikilifikiria hilo. Nilijaribu kulicheka, likakataa.

Nilimpigia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe unaamini?" akauliza.

"Sijui."

"Kama huamini, unaogopa nini? Na kama unaamini, unaniuliza nini? Wewe ndiye uliye huko."

"Unaongea kama mwalimu."

"Nimechoka kama mwalimu. Mtoto anashiba?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na jibu lilikuwa hapana. Mama aliacha kumpeleka ua wa pili. Tulipatana: angempa maziwa ya chupa, yeye akiisomea kwanza. Alisoma, akampa, mtoto akayatema. Kijiko alikijua kwa uji, maziwa baridi hakuyataka. Na yangu yakaanza kupungua. Mwenye kunyonyesha ambaye hanyonywi mchana mzima, analala vibaya, anakula mkate mkavu juu ya sanduku la pampu, maziwa yake yanapungua. Hapo sayansi na mama yangu hawakugombana. Ghalani nilikamua na kukamua nikapata kimo cha kidole kimoja. Mabega ya mtoto yakaanza kuonekana mifupa. Jioni nikifika alininyonya kwa hasira, kama anayenidai maelezo.

Jirani alikuwa akinisalimia kwa mbali, amejifunga kapulana kifuani hadi shingoni. Alikuwa anaficha alicho nacho, nisione.

*

Siku barabara ilipofungwa hapakuwa na dalili. Asubuhi mwenye pikipiki aliimba njia nzima. Mchana tukatoka kwa saa yangu ya sheria, tukafika kizuizini, tukakuta gogo limelala na magari yamesimama pembeni, watu wamekaa vivulini. Yule askari kijana alikuwepo.

"Imefungwa," akasema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Imefungwa."

"Kuna nini mbele?"

Akaangalia pembeni. "Mamã, usiniulize. Mimi mwenyewe hawajaniambia."

Kwa mara ya kwanza nilimwamini mtu mwenye bunduki. Mwenye pikipiki alikwenda kuongea na madereva, akarudi hana utani. Wengine walikuwa wamesikia milio, wengine walisema ni lori limekwama tu. Kuna njia ya kupitia mashambani, akasema kwa sauti ya chini, lakini yeye hapiti, na mimi hanipitishi hata nikilia.

"Silii," nikamwambia.

"Unalia, mana," akasema. Akaenda akanitafutia maji.

Simu ikaita. Mama. Nyuma ya sauti yake nilisikia kilio, si kile cha njaa ya kawaida ninachokijua. Kilikuwa kikavu, kinakatika katikati kama kinachoishiwa pumzi.

"Uko wapi?"

"Kizuizini. Wamefunga, mama. Silali nyumbani leo."

"Uji amekataa. Chupa amekataa. Dafu ametapika. Analia tangu adhuhuri."

"Mbembeleze."

"Nimembembeleza mpaka mgongo umekufa." Kilio. "Nimesimama hapa kati ya ua na ua. Sivuki mpaka useme. Nimpe?"

Nilitazama barabara upande wa pili wa gogo. Ilikuwa nyeupe, tupu, inapinda kuingia vichakani. Maziwa yakanishuka. Yakalowesha kapulana, yakashuka tumboni, na mwenye kuyataka alikuwa upande wa pili.

"Nipe niongee naye," nikasema.

Nikasikia nyayo, kuku, mlango. Kisha pumzi ya yule jirani.

"Dada."

"Dada."

"Nisikufiche," akasema. "Najua unachoogopa. Kila mtu anaogopa hicho. Mimi mwenyewe nalala nacho. Nikikwambia alikuwa mtu mwema utasema mke hawezi kusema vingine. Nitakwambia nilichoona. Alipokuwa anaondoka alirudi kutoka njiani, alisahau kunichotea maji. Akachota, akajaza mitungi yote, ndipo akaenda. Zaidi ya hapo sina."

Sikuwa na swali. Mimi, ambaye sijawahi kukosa swali.

"Na siku ukirudi Quiterajo," nikamwambia hatimaye, "utaondoka na mtoto wangu nusu."

"Ee. Na wewe utabaki na wangu nusu. Sasa niambie, dada, analia."

"Mpe," nikasema. "Ashibe."

Hakukata simu. Nadhani aliiweka chini tu, karibu na mguu. Nilisikia kilio kikisogea, kikapanda, kikazibwa. Kisha kikawa kile kikohozi kidogo cha mtoto anayenyonya kwa pupa. Kisha kumeza. Nilisimama kando ya gogo, simu sikioni, nikasikiliza mwanangu akimeza mpaka chaji ikaisha.

*

Nililala ofisini, mikeka miwili juu ya sakafu, harufu ya rangi kichwani. Niseme tu kwamba nilipata jibu la kazi ya jengo lile: ni la kulala.

Kulipopambazuka barabara ilifunguliwa bila maelezo, kama ilivyofungwa. Ilikuwa siku ya kazi. Mwenye pikipiki alinikuta mlangoni nimejifunga mtandio.

"Unaelekea wapi, mana? Kazi ndiyo hii, umeshafika. Leo umewahi kuliko wote."

"Nirudishe Olumbi."

"Na chefe?"

"Nimelala hapa. Kama ni kuwepo, nimekuwepo mpaka kumezidi."

Akawasha. Hakuimba mpaka tulipopita vichaka vyote.

Nyumbani mama alikuwa ameshaweka kigoda na kopo la maji. Nilikaa bila kuambiwa. Niliosha uso, miguu, nikasubiri jasho. Nikakamua upande wa kwanza mchangani, kisha wa pili, nikatazama ardhi inavyoyanywa. Mama alinitazama kwa wasiwasi. Nadhani alizoea kunisikia nikibisha, ukimya wangu ukamtisha.

"Yuko wapi?"

"Amelala. Amelala usiku kucha, hakuamka hata mara moja. Mwenzio alimnyonyesha tena alfajiri." Akaokota kopo. "Sasa hakuna haja ya kuhesabu."

Mwanangu alikuwa amelala mkekani chumbani kwa jirani, tumbo limejaa, mdomo wazi. Kando yake binti alikuwa macho, anacheza na mguu wa kaka yake. Ndivyo nilivyowaza, neno lenyewe lilikuja kabla sijalikagua: kaka yake. Jirani hakuwepo. Alikuwa amechelewa kutoka na mihogo yake kwa ajili ya mwanangu, na sasa alikuwa njia panda anauza.

Binti aliniona, akangoja mama yake aingie nyuma yangu, hakuingia mtu, akaanza kulia. Nikamnyanyua. Alikuwa mzito kuliko wangu, na harufu nyingine, ya mafuta ya nazi na moshi. Alinigeuzia uso kifuani akitafuta. Maziwa yangu, yaliyokataa ghalani kwa majuma, yalikuwa yanadondoka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliona ninachotaka kufanya.

Nikakaa chini, nikampa. Alinyonya macho wazi, akinitazama kwa mashaka, kama ninavyowatazama watu mimi.

Simu yangu, iliyokuwa imepata chaji kidogo kwa mama, ikaanza kuita kwenye mfuko wangu. Chefe, bila shaka. Saa nne ilikuwa imefika, ameshapita kati ya meza. Nikaiacha iite. Ilipokwisha ikaanza tena, na barabarani pikipiki ilikuwa imesimama, injini inanguruma, mwenyewe anasubiri nimwambie kama leo tunarudi.

"Moja," mama akasema.